Sahihi ya Ijumaa

Rumande
Jumapili, 18 Februari 2024

Kwa binti yangu Ruth Mokeira,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Mose na watoto. Je, kikohozi cha yule mdogo kimeisha? Mimi ni mzima. Dawa ya presha napewa kila asubuhi, uji wao ni mwepesi lakini ni wa moto, na katika selo nimewakuta wanafunzi wangu wawili wa zamani. Mmoja nilimfundisha kuzidisha akiwa darasa la tatu. Kwa hivyo usilie.

Naandika Kiswahili badala ya lugha yetu ya Ekegusii kwa sababu barua husomwa na afisa kabla haijatoka langoni, na afisa wetu ni mtu wa Pwani. Afisa, habari ya kazi. Ukimaliza kusoma naomba usiikunje karatasi mara nne.

Umesikia maneno ya watu, sasa sikia yangu. Ijumaa ya tarehe tisa nilitoka Nyamache na ile miche ya migomba uliyoniomba, thelathini, nimeifunga kwa magunia. Gurudumu likapasuka njiani, nikachelewa, nikawa nakimbizana na jua nifike kwako Nyaramba kabla Sabato haijaingia. Kabla ya Masimba polisi wakanisimamisha. Taa moja ya nyuma haikuwa ikiwaka, na hilo ni kweli. Nikawaambia waniandikie kosa langu nikalilipie mahakamani. Mkubwa wao akasema, mzee, haya mambo tunayamaliza hapa hapa. Nikamwambia nimefundisha miaka thelathini na minne na hakuna jambo nililowahi kumaliza hapa hapa. Akakasirika, akaamuru pikapu ipekuliwe. Walipekua mara ya kwanza wakakosa. Walipekua mara ya pili wakatoa chini ya kiti misokoto arobaini ya bangi, imefungwa kwa gazeti.

Mimi, binti yangu Mokeira. Mimi ambaye nachuma majani ya chai tangu utotoni na sijawahi kuyanywa, kwa ajili ya imani yetu.

Wakajaza fomu ya vitu walivyopata, wakaninyooshea kalamu. Jua lilikuwa limeshatua. Nikasema Sabato imeingia, sishiki kalamu, nileteeni Jumapili asubuhi. Walicheka sana. Jumatatu nilipelekwa mbele ya hakimu nikakana shtaka. Dhamana inataka hati ya shamba, na hati yetu bado ina jina la babu yako aliyefariki mwaka wa 1979, kwa hivyo haikukubaliwa.

Usije hapa. Sitaki unione nyuma ya wavu. Andika.

Baba yako,
Manasseh Osoro


Nyaramba
25 Februari 2024

Kwa Baba,

Nakusalimu sana. Sisi hatujambo, mtoto amepona. Ng'ombe wako anakamuliwa na jirani yako Mokua, na anasema maziwa hayajapungua. Presha yako je? Usiniambie tu kwamba unapewa dawa. Niambie inapimwa ngapi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nakuamini, Baba, usidhani hapana. Lakini hapa kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, nikisimama kwenye mizani wanawake wananyamaza. Zamani tulikuwa tukicheka hadi lori lifike. Juzi mmoja aliniuliza, eti bangi ya mwalimu ilikuwa inaletwa kwangu? Ni kwangu ulikuwa unakuja, kwa hivyo wameshamaliza hesabu yao.

Nimeongea na wakili mmoja wa mjini. Anasema wewe ni mzee, huna kosa la awali, ukikiri utatozwa faini na utalala kwako siku hiyo hiyo. Mose amekubali tuuze ndama. Baba, kesi inaweza kwenda mwaka mzima. Mama alinifia mikononi nikiwa nashika chupa ya dripu. Sitaki wewe ufie mikononi mwa serikali kwa ajili ya neno moja la hakimu. Sema ndiyo, urudi nyumbani, na sisi tunaokujua tutaendelea kukujua.

Miche niliifuata kituoni. Walikuwa wameitupa nyuma ya choo. Kumi na moja ilikuwa bado na uhai, nimeipanda.

Binti yako,
Ruth


Rumande
3 Machi 2024

Kwa binti yangu,

Salamu kwako na kwa mume wako. Mia sitini kwa tisini na tano, ndiyo presha, umefurahi?

Ndama huyo aachwe anyonye. Mkilipa faini nitakataa kutoka humu, na nawajua askari wa hapa, hawana nguvu ya kunibeba. Unasema neno moja. Nililifundisha neno hilo kwa watoto wa Nyamache miaka yote hiyo: ukiwa hukuvunja dirisha, usiseme umelivunja ili uende nyumbani mapema. Wengine walichapwa kwa sababu ya kunisikiliza. Sasa zamu yangu imefika, niwaambie nini? Kwamba neno hilo lilikuwa la watoto tu?

Juzi wazee wawili wa kanisa walikuja. Wameniomba nikae kando na uzee wa kanisa mpaka kesi iishe, kwa ajili ya sifa njema ya kundi. Nikawauliza kama wao wanaamini bangi ni yangu. Mmoja akatazama viatu vyake. Nimewapa funguo za kabati la vitabu vya nyimbo. Iliniuma, sitakuficha. Iliniuma kuliko pingu.

Hao wanawake wa mizani waambie waje mahakamani wasikilize, waache kukuuliza wewe. Na wewe usiniandikie tena habari ya kukiri.

Baba yako


Nyaramba
28 Aprili 2024

Kwa Baba,

Salamu. Najua zimepita wiki nane. Ulisema nisiandike habari ya kukiri, na sikuwa na habari nyingine, kwa hivyo nilinyamaza. Nilikuwa na hasira. Bado ninayo.

Juzi mwanamke mmoja ambaye mwanawe yuko huko alinikuta sokoni akanipa pole. Pole ya nini, nikamuuliza. Akasema mwalimu alianguka bafuni mwezi uliopita, akapelekwa zahanati amebebwa kwa blanketi. Nilisimama pale sokoni na fungu la mboga ya chinsaga mkononi, sijui hata kama nililipia.

Ungekufa ningeambiwa na nani? Na watu wa sokoni? Unawaambia watu wote ukweli, mahakama, wazee wa kanisa, polisi barabarani, ila mimi. Mimi napewa "ni mzima."

Kama hutaki nije kukuona, basi niambie yaliyo ya kweli. Vinginevyo nitakuja nikae nje ya hilo lango na mtoto mgongoni mpaka wanione kero.

Binti yako,
Ruth


Rumande
5 Mei 2024

Kwa binti yangu Mokeira,

Nakusalimu kwa unyenyekevu leo. Umenikaripia kama mama yangu ambaye jina lake tulikupa, na nilikaa kitandani nikisoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Ni kweli nilianguka. Dawa iliisha siku nne na sikumwambia mtu. Niliogopa, binti yangu. Nilipozinduka nilidhani nimekufa nikiwa na jina la mvuta bangi, na hicho ndicho kilichonitisha zaidi ya kufa kwenyewe. Nisamehe.

Sasa ukweli wote. Nimepewa nakala za ushahidi. Ile fomu niliyokataa kuisaini ina sahihi yangu. Imeandikwa "M. Osoro," nami tangu niajiriwe naandika Manasseh kwa ukamilifu. Nikimwambia hakimu hiyo si sahihi yangu, askari wanne watasema ni yangu.

Lakini chini yake kuna sahihi ya shahidi raia. Ni Nyakundi, mwenye duka hapo Masimba. Ameandika taarifa kwamba alikuwepo pikapu ikipekuliwa, aliona bangi ikitolewa, akatia sahihi papo hapo. Mokeira, Nyakundi hakuwepo. Ningemwona. Ni mzee wa kanisa kama mimi, tumeimba naye kwaya ya wanaume kwenye makambi ya kanisa miaka mitatu, yeye sauti ya nne. Fomu inasema ilijazwa saa moja na robo jioni ya Ijumaa, jua limezama. Mimi sikushika kalamu saa hiyo. Je, yeye alishika?

Nifanyie jambo moja. Ijumaa moja uende dukani kwake mchana ukielekea jioni, ununue chumvi, ukae uangalie anavyofunga. Usimuulize chochote. Afisa unayesoma, kununua chumvi si kosa.

Baba yako


Nyaramba
9 Juni 2024

Kwa Baba,

Shikamoo, na natumai dawa haijaisha tena. Nimempa mwanamke yule wa sokoni pakiti mbili akuletee, usimpe mtu mwingine hata kama ulimfundisha.

Juzi nilienda kununua chumvi. Nilifika saa tisa na nusu. Duka ni safi, kuna kalenda ya kanisa ukutani yenye saa ya machweo ya kila Ijumaa imezungushiwa kalamu nyekundu. Nyakundi ni mpole, alinipunguzia bei ya sabuni bila kuombwa. Nilikaa kwenye benchi nikijifanya namngoja mtu.

Ilipokaribia saa kumi akaja wa gari la mikate na kitabu chake cha oda. Nyakundi akasaini karatasi ya siku hiyo, kisha ya Jumapili asubuhi, mikate ambayo hata haijaokwa. Nikamsikia akisema, malizana na mimi sasa, jua likitua kalamu hainijui. Yule wa mikate amezoea, alikuwa anafungua kurasa bila kuambiwa.

Na kulikuwa na polisi mmoja amekaa karibu nami anakunywa soda, bahasha ya kaki kwapani. Alisubiri mpaka wa mikate atoke, ndipo naye akasogea kaunta na bahasha yake. Nikaona vibaya kuendelea kukaa, nikachukua chumvi nikaondoka. Sijui kama imekusaidia.

Migomba iliyobaki ni tisa. Miwili imekauka.

Binti yako,
Ruth


Rumande
16 Juni 2024

Kwa binti yangu,

Salamu nyingi kwa nyumba yote. Presha leo imeshuka bila dawa kuongezwa, na sababu ni barua yako.

Wakili usimtafute. Kesi inasikizwa Agosti tarehe ishirini na nitamuuliza shahidi mwenyewe. Nina swali moja. Siliandiki hapa, na afisa atanisamehe kwa kumnyima.

Usije mahakamani. Nitasimama vizuri zaidi nikijua uko nyumbani.

Baba yako


Nyaramba
25 Agosti 2024

Kwa Baba,

Nakusalimu, na najua hujambo kwa sababu nilikuona. Nilikuja. Nilikaa benchi la mwisho na hukugeuka hata mara moja, kwa hivyo nakuandikia yale ambayo mtu aliye kizimbani hawezi kuyaona nyuma yake.

Sikuja peke yangu. Wiki moja kabla nilikwenda kanisani kwa Nyakundi siku ya Sabato, nikakaa na wanawake wa darasa lake la Biblia. Sikuwaambia lolote baya juu yake. Niliwaambia tu kwamba baba yangu ana kesi, na mzee wao ni shahidi, na ningefurahi wakinisindikiza. Walikuja watatu. Gladys, anayeongoza maombi, alikaa mbele kabisa na kofia yake ya buluu. Nyakundi alipoapa kwa Biblia alimwona.

Yule polisi mkubwa alikuwa ameshasema yake: Nyakundi aliitwa barabarani, aliona bangi, fomu ikajazwa saa moja na robo, akasaini hapo hapo kwenye boneti. Nyakundi naye akasema vivyo hivyo, maneno yale yale, kama mtu aliyekariri shairi. Kisha hakimu akakuambia uulize.

Nilidhani utamwita mwongo. Wewe ukamsalimu. Ukasema, "Ndugu Nyakundi, bado unaimba sauti ya nne?" Watu wakacheka, kiongozi wa mashtaka akasimama kupinga, hakimu akakuambia uulize swali la kesi.

Ukauliza, "Ndugu yangu, Ijumaa ile jua lilipokuwa limetua na Sabato imeingia, ulishika kalamu?"

Kiongozi wa mashtaka hakuelewa ni swali gani hilo, nilimwona akipekua karatasi zake. Lakini Gladys alielewa, na wenzake wawili walielewa, wakainua vichwa wote kwa pamoja. Nyakundi akamtazama polisi, akamtazama Gladys. Kisha akajinyoosha, akasema kwa sauti ya mtu aliyetukanwa, "Tangu nibatizwe mwaka wa 1988 sijawahi kushika kalamu ndani ya Sabato. Na mtu asinisingizie."

Ukauliza, "Basi hii ulitia sahihi saa ngapi?"

"Saa kumi. Huwa natia zote saa kumi."

Ukakaa chini. Ulikaa tu, Baba, kama mtu aliyemaliza kufuta ubao. Ni hakimu aliyeuliza zote zipi. Naye akaeleza kila kitu bila hata kuona anachokifanya, maana alikuwa anaitetea Sabato yake: kwamba kila Ijumaa wanamletea fomu tupu za siku mbili, anasaini kabla ya jua kutua, wao wanajaza baadaye, na haoni ubaya kwa sababu polisi ni serikali. Hakimu akauliza kama aliiona bangi. Akasema aliambiwa ipo.

Mimi nililia, na sikujificha. Nililia kwa sababu Februari nilikuwa tayari kuuza ndama ili useme uongo.

Uamuzi ni Septemba kumi na tatu. Nitakuja, na safari hii geuka.

Binti yako,
Ruth


Nje ya lango la gereza
Ijumaa, 13 Septemba 2024

Baba,

Naandika kwenye goti na namwomba afisa wa zamu akupe sasa hivi. Naam, Sabato imeingia na mimi nimeshika kalamu, Mungu ataniuliza mimi.

Uligeuka. Hakimu aliposema huna kesi ya kujibu, uligeuka ukanitazama, na nitaishi na sura hiyo. Wakasema urudishwe huku kuchukua vitu vyako na kutia sahihi kitabu cha kuachiliwa. Gari lao likakwama kwenye mvua. Nimefika hapa kabla yenu, nina koti lako na ugali na chinsaga kwenye sufuria, nimeifunga kwa shuka isipoe.

Sasa afisa anatoka ananiambia mwalimu amekataa kusaini. Kwamba umewaambia jua limetua, walete kitabu Jumapili. Amenieleza huku akijikuna kichwa, hajawahi kuona mtu aliyeachiliwa akakataa kutoka.

Miezi saba, Baba. Miezi saba, na kati yangu na wewe kuna lango hili na mstari mmoja wa wino. Hakuna anayekuona. Tia sahihi utoke ule.

Ruth


Rumande
Jumapili, 15 Septemba 2024, asubuhi

Kwa binti yangu Ruth Mokeira,

Salamu za asubuhi. Nimelala vizuri, presha haijapimwa na simwombi mtu aipime. Karatasi yako nilipewa ile jioni. Niliiweka chini ya mto nisijibu mpaka sasa, na unajua kwa nini.

Umekasirika na una haki. Mimi pia nilitamani kutoka. Harufu ya chinsaga ilinifikia, au nilidhani imenifikia. Mkono wangu uliinuka, Mokeira, nakiri kwako wewe. Kalamu ilikuwa pale juu ya kitabu. Lakini nimetoka mahakamani kwa sababu nilisema mimi si mtu wa kushika kalamu saa hiyo, hata nikiwa katikati ya bunduki nne. Kama ningeishika kwa ajili ya sufuria ya mboga, basi wale waliocheka barabarani wangekuwa na haki ya kucheka. Uliandika kwamba hakuna anayeniona. Nyakundi naye alidhani hivyo kila Ijumaa saa kumi.

Simchukii. Nitamtafuta kwenye makambi yajayo tuongee, na tutaongea kwa ukali. Wazee wa kanisa walete funguo za kabati wenyewe, sitazifuata. Na ile pikapu nitaidai kituoni kesho, pamoja na miche yangu kumi na tisa waliyoitupa nyuma ya choo, mmoja mmoja.

Leo nimeletewa kitabu saa moja asubuhi. Nimeandika Manasseh, herufi zote, na Osoro, na tarehe ya leo. Yule afisa wa Pwani alikuwa kwenye zamu. Nilimpa barua hii, kabla sijaongeza mistari hii ya mwisho, aisome kama kawaida. Akanirudishia ikiwa imekunjwa mara moja tu, akasema, mwalimu, wewe si mahabusu tena, mimi siruhusiwi kuisoma.

Kwa hivyo ni yako peke yako, na hakuna wa kuileta. Nimeambiwa umerudi hapo nje tangu alfajiri; inuka hapo ulipokaa, uangalie langoni. Ninakuja nayo.

Baba yako